Usukani Ukifika Themanini

Hukumu ilitolewa mezani, wakati wa chai, na mtu aliyekuwa akipaka siagi kwenye mkate.

"Gari halina neno," alisema mumewe. "Ni mikono yako. Unaubana usukani kama mtu anayekamua nguo. Ukiubana unatetemeka, ukiulegeza gari linayumba. Usinune, mke wangu. Nakwambia ukweli."

Hakununa. Kununa aliwaachia watu wasio na vipimo. Yeye alikuwa mkuu wa maabara katika kliniki iliyokuwa kilomita arobaini na mbili kutoka nyumbani, na kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu waliokwisha kujipa ugonjwa kwamba ugonjwa huo hawanao, na kwamba wanao mwingine. Alikuwa amezoea kudharau maneno yanayotangulia vipimo. Jambo jipya lilikuwa kulala naye kitanda kimoja yule anayeyasema.

Mumewe alikuwa fundi magari. Wateja walimwita Dokta, naye alilipokea jina hilo bila haya, mbele ya mke aliyeshinda na madaktari wa kusomea na kujua jinsi hata wao wanavyobahatisha. Wala hakuwa fundi mbaya, afadhali angekuwa. Dokta aliweza kukaa barazani akasikia gari likipita, akataja gurudumu lenye beringi iliyokufa, na asikosee. Magari ya watu aliyalalia chini hadi mgongo ukashika oili. Gari la mkewe tu ndilo alilolitibu kama mpiga ramli. Mara mbili alisawazisha magurudumu kwa vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu. Mara moja alibadilisha tairodi, kile chuma kinachogeuza gurudumu usukani ukizungushwa, ingawa ya zamani haikuwa na kosa. Kisha akalijaribu gari: akazunguka mtaa mara moja kwa mwendo wa arobaini, akarudi, akazima.

"Limetulia kama kitanda," alisema.

"Kwenye arobaini hata toroli hutulia," alijibu mkewe.

Mwanamke alikuwa na daftari. Humo alikuwa ameandika mwendo, aina ya barabara, mzigo, na kilichotokea. Usukani ulianza kutetemeka kwenye sabini na nane, ukazidi kwenye themanini na nane, ukapoa ukipita mia. Ilikuwa hivyo mguu ukiwa kwenye breki na usipokuwepo. Ilikuwa hivyo gia ikiwa imeingia na ikiwa imetolewa. Halafu kulikuwa na kuyumba, ambako hakukujali mwendo: kwenye barabara iliyonyooka kama rula, gari lilinusa kushoto, likanusa kulia, na dereva akawa na kazi ya kulirudisha njiani kila baada ya nguzo mbili tatu. Dokta alilifungua daftari lile siku moja, akalifunga.

"Unalipima gari damu?" aliuliza, akacheka peke yake.

Ndipo ikafika Jumanne. Lori la mchanga lililokuwa mbele lilisimama ghafla. Alikanyaga breki, na gari, badala ya kusimama lilipo, liliruka kulia kama limepigwa kumbo, hadi katikati ya barabara, na lori jingine lililokuwa likija likampita kwa nafasi ya kiganja. Hakupiga kelele. Aliegesha pembeni, akaandika: *Breki kali. Limeruka kulia. Mwendo sitini na tano. Mikono miwili kwenye usukani.* Kisha akaenda kazini.

Kosa lake lilikuwa kumsimulia mumewe jioni. Alimsimulia kama anavyosoma majibu, bila machozi, akidhani mtu akipewa habari kamili atafikiri. Dokta alinyanyuka, akachukua funguo za gari kwenye msumari, akazitia mfukoni.

"Kwa usalama wako," alisema.

Asubuhi ya Jumatano, akiwa nyumbani kwa sababu hakuna basi linalofika kule kabla ya saa tatu na maabara hufunguliwa saa moja na nusu, alipigiwa simu na mkuu wa kliniki. Mkuu huyo alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi.

"Mumeo amenipigia jana," alisema. "Ana wasiwasi sana. Anasema barabara kuu imekushinda. Ameniomba nikutafutie nafasi karibu na kwenu, na nafasi ipo. Zahanati ya mtaani. Utakuwa msaidizi."

"Msaidizi wa nani?"

"Wa yule kijana uliyemfundisha mwaka juzi."

Mwanamke alivuta daftari karibu.

"Barua inapelekwa ofisi kuu Ijumaa saa nane mchana," mama aliendelea. "Kama una neno, njoo kabla ya saa hiyo. Na uje ukiendesha mwenyewe. Nikikuona unashuka kwenye gari, nitakusikiliza. Bila hivyo, mwenzangu, siwezi kuiweka maabara mikononi mwa mtu ambaye sijui kama kesho atafika."

Yalikuwa maneno ya haki, na hakumlaumu. Aliyempa taarifa za uongo ndiye wa kulaumiwa, na huyo wakati ule alikuwa gereji, akishangiliwa.

Funguo za akiba zilikuwa kwenye droo ya soksi, mahali ambapo Dokta asingetia mkono hata nyumba ingekuwa inawaka moto. Saa nne alilitoa gari hadi kwenye barabara mpya nyuma ya maghala, ndefu, pana, isiyo na watu mchana. Alipita mara moja na daftari likamuunga mkono: sabini na nane, themanini na nane, mia. Akasimama, akatoa jeki. Aliyahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, hakugusa kitu kingine chochote. Hilo ndilo lililowashinda watu wenye majina makubwa: kubadilisha kitu kimoja, halafu kunyamaza na kutazama.

Akapita tena. Kwenye themanini na nane usukani ulikuwa kimya. Kilichotetemeka sasa kilikuwa kiti, chini ya mapaja yake.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na gurudumu. Akapiga jeki nyuma, akashika kipande cha chaki jirani na tairi bila kukitikisa, akalizungusha tairi kwa mkono wa pili. La kulia lilipata mstari mwembamba pande zote. La kushoto liliguswa mahali pamoja tu, urefu wa kidole, na hapo palikuwa pamevimba, nyuzi za ndani zimeachana. Dokta alikuwa amelisawazisha kwa risasi mara mbili. Tairi lisilo duara hata ulibandike risasi za bunduki litabaki si duara. Alifunga la akiba, akapita mara ya tatu. Usukani kimya, kiti kimya.

Gari lilinusa kushoto. Likanusa kulia.

*Magonjwa mawili,* aliandika. *Mmoja umekwisha.*

Jioni alimwonyesha mumewe tairi. Dokta alipitisha kidole juu ya uvimbe, na kwa nukta moja uso wake ukawa uso wa fundi, makini na mwenye akili. Kisha ukarudi kuwa wa mume.

"Bahati," alisema. "Na nani kakupa funguo?"

"Bado linayumba. Lipandishe tulitazame chini."

"Chini kuko sawa."

"Umetazama?"

"Mzee alishapatengeneza chini, mama. Bushi mpya, kila kitu. Nitazame nini tena? Iliyobaki sasa ni mikono."

Mzee alikuwa baba yake mwanamke. Gari lilikuwa lake kabla hajampa bintiye, mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, siku alipostaafu. Alikuwa mkaguzi wa magari miaka thelathini na moja, na hadi leo barabarani aliitwa Mkaguzi. Maisha yake yote aliyatumia kusema hapana kwa kazi za watu wengine. Mafundi aliwaona wezi wa kawaida, tofauti yao na wezi wengine ikiwa ni ovaroli tu, na hata mkwe wake alimheshimu kwa kumwondoa kwenye kundi hilo kila mara kwa sauti: "Mbali na wewe, mwanangu."

Mwanamke alimpigia baba yake Alhamisi. Hakumwita kwa mapenzi. Alimwita kwa sababu gari likisemwa bovu na Mkaguzi, hakuna mume atakayebisha.

Ijumaa saa mbili asubuhi mzee alifika gereji amevaa koti lake la kazi la zamani, lililopigwa pasi, tochi mfuko wa juu. Dokta alimpokea kwa mikono miwili, akafuta kiti ambacho mzee hakukikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama huyu ana lalamiko gani?"

"Anasema linayumba."

"Anasema," alirudia mzee, na wawili hao wakatabasamu.

Gari lilipandishwa. Mzee alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Akalishika kushoto na kulia, akalitikisa. Akapita la pili. Alikuwa na madaha ya daktari wa kwenye picha. Mwisho alijifuta mikono, ingawa haikuwa imechafuka.

"Imara," alisema. "Gari hili ningelipa stika ya ukaguzi hata leo. Mwanangu, nimekaa uwanja wa ukaguzi miaka thelathini na moja, nikwambie jambo moja. Dereva naye ni kipuri. Ila hakuna duka linalomuuza mpya."

Dokta alicheka hadi akashika nguzo. Alicheka zaidi ya kipimo cha utani wenyewe, na mkewe akaliona hilo.

Aliona na jambo jingine. Dokta, ambaye kwa kawaida gari likipanda tu huwa ameshaingia chini kama panya, alikuwa amesimama hatua tatu nyuma. Taa ya mkono ilikuwa kwake, naye alimulika ekzosi, akamulika boksi la gia, akamulika tangi. Upande wa mbele, pale magurudumu yanaposhikwa, mwanga wake ulipita kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

"Baba," alisema, "hujajaribu bushi."

"Bushi nilizifunga mimi."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba uzijaribu."

"Nilizifunga kwa mkono wangu, uani kwangu, kwa sababu sikutaka fundi aguse. Mbali na wewe, mwanangu," alimwambia Dokta. "Na alama zangu zipo. Zitazame."

Zilikuwepo kweli. Kila nati aliyoikaza mzee ilikuwa na mstari wa rangi ya njano uliopita juu yake hadi kwenye chuma, ili ikiguswa ijulikane. Ilikuwa desturi yake ya ukaguzini. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alipowatembelea, kabla hajaingia ndani kula, aliinama akamulika mistari yake, akaridhika.

"Mzee alishamaliza hapo," alisema Dokta kwa sauti ndogo. "Tutazame breki labda."

Mwanamke aliuchukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake amzuie. Aliingia chini, akaichukua taa mkononi mwa mumewe bila kuomba, akautafuta mkono wa chini, kile chuma kirefu kinacholibeba gurudumu, pale kinapounganishwa na mwili wa gari. Hapo ndipo bushi hukaa: mpira mnene uliobanwa kati ya vyuma viwili, ili gurudumu lipande na kushuka lakini lisiende mbele wala nyuma. Alichomeka ncha ya mtaimbo, akasukuma.

Chuma kikaenda nyuma, upana wa kidole. Alipoachia kikarudi, kikagonga.

Alifanya tena, taratibu, ili wasikie. *Ko.* Upande wa pili: *ko.*

"Baba, njoo utazame."

Mzee aliinama. Mpira ulikuwa umechanika mzunguko mzima, na ulichanika kwa mshazari, kama kitambaa kilichokamuliwa, kushoto na kulia namna moja. Juu yake mstari wa njano ulikuwa safi, haujakatika.

"Mpira wa siku hizi," alianza mzee.

"Mpira wa siku hizi umechanika pande zote mbili kwa mfano uleule?" aliuliza bintiye. "Kwangu, sampuli mbili zikiharibika kwa namna moja, siilaumu damu. Namtafuta aliyezishika." Akamgeukia mumewe. "Wewe ndiye fundi. Huu umefanywa na nini?"

Dokta alitazama viatu vyake.

"Nimekuuliza."

"Zilikazwa gari likiwa juu," alisema.

Alisema polepole, na baada ya hapo maneno yakaanza kumtoka yenyewe, kwa sababu alikuwa fundi, na fundi akifunguliwa mada yake hawezi kujizuia. Gari likiwa juu ya jeki magurudumu yananing'inia. Ukikaza nati hapo, mpira unashika mkao ule wa kuning'inia. Ukilishusha, gari linakaa, mkono unapanda, na mpira unasokotwa. Unabaki umesokotwa usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa. Baada ya miezi michache unachanika. Ukisha kuchanika, ukifunga breki gurudumu linarudi nyuma, na gari linachagua lenyewe pa kwenda.

"Lazima ulishushe kwanza," alimalizia. "Likae kwa miguu yake. Ndipo ukaze."

Kila fundi wa mwaka wa pili hulijua hilo. Aliyeweza kutolijua ni mtu mmoja tu: yule aliyetazama nati zilizokazwa kwa miaka thelathini na moja bila kukaza hata moja.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza mkewe.

"Februari."

Ilikuwa Juni.

"Nilitaka kuzibadilisha kimya kimya, nikisingizia oili. Nilishanunua na mpya." Alinyoosha kidole kwenye rafu, nyuma ya makopo ya grisi. Boksi lilikuwa pale, na vumbi lake. "Lakini alama. Mzee angekuja Jumapili, angeona nati imeguswa, angeniuliza. Ningemjibu nini? Ningeanzia wapi kumwambia baba mkwe kwamba kazi yake..." Hakumalizia hata pale.

"Ukaona ni nafuu kuniambia ni mikono yangu."

"Nilikuwa natafuta njia. Ukihamia hapa mtaani ungekuwa huendeshi haraka. Hakuna ambaye angeumia."

Alimtazama mtu huyo, mwenye akili, mwenye sikio la kusikia beringi ng'ambo ya barabara, aliyepima mambo mawili, uhai wa mkewe na dakika moja ya aibu mbele ya mkwe, na mizani ikamlemea upande wa aibu. Alidhani angekasirika. Aliona kinyaa tu, kile kinachomjia akikuta glavu iliyotumika imerudishwa kwenye boksi.

Mzee alikuwa amenyooka. Aliizima tochi.

"Ungeniambia, mwanangu," alimwambia mkwe wake.

"Nisamehe, mzee. Nilikosa adabu kutokusema."

"Hapana, hapana. Mimi ndiye wa kusamehewa. Nimekuingiza kwenye tabu."

"Usiseme hivyo, mzee. Kazi ilikuwa nzuri, ni hilo dogo tu."

"Una moyo mkubwa."

"Ni wewe, mzee."

Walishikana mikono. Mzee alimpigapiga begani, na Dokta macho yakamlengalenga kwa jinsi alivyopendwa. Mwanamke alikuwa bado chini ya gari, taa mkono huu, mtaimbo mkono ule, kati ya miguu minne iliyokuwa ikiombana radhi. Alingoja kuona kama mmojawapo atainama. Alihesabu hadi ishirini.

"Mkimaliza kusameheana," alisema, "ni saa tatu na robo. Saa nane barua inaondoka. Nataka hizo bushi zifungwe, na nataka zikazwe gari likiwa chini."

Alipokuwa na kazi mbele yake, Dokta alirudi kuwa mtu. Aliifungua ile mikono miwili ya chini ya gari, akazisukuma bushi za zamani kwa mashine ya presi, akaingiza mpya, akarudisha. Mzee alisimama kando akishika spana alizopewa, mara moja akatoa spana isiyo yenyewe, na Dokta akaipokea akisema asante, akaiweka chini, akachukua ya sawa mwenyewe. Hata hilo liliweza kufanywa kwa adabu.

Gari liliposhushwa, mkewe alikaa mbele, akaliendesha mbele na nyuma mara tatu ili likae sawa, kisha akashuka akalala chini mwenyewe na spana ndefu. Alikaza hadi mumewe alipoitikia kwa kichwa. Alipotoka aliona baba yake ameingiza mkono mfuko wa koti na kutoa kichupa kidogo cha rangi ya njano. Walitazamana. Mzee akakirudisha mfukoni.

Dokta alipima kwa uzi kama magurudumu yamenyooka, akakaza tairodi nusu mzunguko, akasema tayari. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

"Safari njema," alisema mzee.

"Tunakwenda wote."

"Sisi kwa nini?"

"Kwa sababu Jumanne kuna mtu alipiga simu kazini kwangu akasema uongo. Sitakwenda kuufuta mimi. Baba, nakuomba ukae mbele. Wewe, nyuma."

Barabara kuu ilikuwa nyeupe kwa jua. Alifika sabini na nane, akafika themanini na nane, akaikunjua mikono yake hadi ikawa vidole viwili juu na viwili chini, kama mtu anayeshika kioo cha hadubini. Gari lilikwenda mbele. Kwenye mteremko alitazama kioo, akaona hakuna mtu nyuma, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Mzee alishika dashibodi. Gari lilisimama kwenye mstari wake.

"Umeona, mzee?" alisema Dokta kutoka nyuma. "Limetulia."

"Nimeona, mwanangu. Kazi safi."

"Tumesaidiana."

Alilipeleka gari hadi kliniki.

Mkuu wa kliniki alikuwa dirishani aliposhuka. Alimwona anafunga mlango, akamwona na wale wanaume wawili wanaomfuata wakinyoosha mashati. Ofisini barua ilikuwa juu ya meza, ndani ya bahasha ambayo bado haijagundishwa.

"Umeendesha mwenyewe," alisema mama.

"Ndiyo."

"Mumeo aliniambia ni mikono."

"Muulize. Huyo hapo."

Dokta alisafisha koo. "Kulikuwa na hitilafu kidogo," alisema. "Kwenye gari. Imeshashughulikiwa."

"Hitilafu ya kiufundi," aliongeza mzee, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuandikwa anachosema. "Mambo ya kawaida kwa gari la umri huo."

Mama alivuta karatasi nyingine, akachukua kalamu. "Nikiizuia hii barua, lazima nieleze sababu. Ofisi kuu watauliza kwa nini niliwaulizia nafasi kwa simu Jumatano nikaghairi Ijumaa. Niandike hitilafu ya kiufundi?"

"Hiyo inatosha," alisema Dokta haraka.

"Haitoshi," alisema mkewe. "Fomu ikija kwangu imeandikwa 'mgonjwa ana ugonjwa', mimi huirudisha. Andika: bushi za mbele zilifungwa kimakosa na baba yangu mzazi. Mume wangu, ambaye ni fundi, aliligundua kosa hilo mwezi Februari, akalinyamazia, akamwarifu mwajiri kwamba dereva hajui kuendesha. Kosa limerekebishwa leo. Dereva anaendelea na kazi."

Kalamu ya mama ilikuwa imesimama hewani.

"Mwanangu," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa imezeeka tangu asubuhi. "Karatasi hiyo itakaa kwenye faili. Watu wananijua. Lazima jina langu liingie?"

"Sijataja jina. Nimesema baba mzazi."

"Ni yaleyale."

"Baba, umeyakataa magari mangapi kwa maandishi?"

Lilikuwa swali lenye jibu, na mzee alilijua jibu hadi tarakimu ya mwisho. Alikuwa akijivunia hesabu hiyo kila Jumapili. Kisha, pasipo kumtazama yeyote, alisema, "Andika, mama. Ni kweli."

Dokta alimgeukia mzee kwa mshangao, kama mtu aliyeachwa kituoni. "Basi hiyo yangu ya kunyamaza iondolewe," alisema. "Nilinyamaza kwa heshima, jamani! Mtu akiisoma hivyo ataelewaje?"

"Ataelewa," alisema mkuu wa kliniki, akaandika.

Kalamu yake haikuwa na haraka. Alipomaliza alisoma kwa sauti neno kwa neno, akauliza kama yako sawa, mwanamke akasahihisha "Februari" iliyokuwa imeandikwa kwa kifupi, mama akatia saini. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na nusu. Bahasha ya kwanza mama aliikunja mara mbili, akaitia kwenye kapu la taka.

"Jumatatu?" aliuliza.

"Leo. Kuna sampuli za tangu juzi."

Kwenye ukumbi Dokta alimfuata hadi mlango wa maabara. Alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja kitu na sasa anangoja kukumbatiwa kwa sababu amekiri.

"Tumemaliza, si ndiyo?" alisema. "Tunakusubiri turudi wote?"

Mwanamke alikuwa ameshavaa koti lake jeupe, anafunga vifungo. Alimtazama mumewe, halafu nyuma ya mumewe akamtazama baba yake aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa, magoti pamoja, koti la ukaguzi limejikunja mgongoni.

"Gari linaondoka saa kumi na moja," alisema. "Baba atakaa mbele. Wewe basi linapita pale barabarani. Ulizia muda, mimi sijawahi kulipanda."

Akaingia, akanawa mikono, akavuta hadubini karibu, akaomba aletewe sampuli ya kwanza.